Feni, Kelele na Toni

Katika idara yetu ya lugha za Kiafrika tunafundishwa namna ya kuuliza maswali, namna ya kuandika sauti kwa alama za kifonetiki, na namna ya kumheshimu mzee anayetugawia lugha yake. Kuhusu feni ya kompyuta hatuambiwi neno. Hata hivyo, mwaka huu feni imenichukulia muda kuliko kamusi, na nadhani niliyoyaona yatawafaa wenzangu wanaojiandaa kwa kazi ya kumaliza masomo.

Mimi ninachunguza toni za Kisanga. Msemaji wangu mkuu ni kambo, mama yake mama yangu. Umri umekwenda, sauti yake inachoka upesi, na methali aliyoitoa leo huenda asiitoe tena kwa namna ileile. Ninamrekodi nyumbani, kwa maikrofoni iliyounganishwa na kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika na wengine. Mwezi wa Oktoba hapa Lubumbashi, kabla mvua hazijashika, joto si mchezo, na vumbi jekundu la kiangazi limekwisha kuingia kila tundu. Mashine ikikosa hewa inajizima yenyewe katikati ya sentensi. Ikipata hewa kwa feni ndogo inayokimbia, kambo anasikika kama mtu anayeongea ndani ya kinu cha kusagia mahindi.

Anayejua Kiswahili peke yake atasema kelele kidogo haidhuru, kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi maneno kwa toni. Lakini sote tunasikia Kilingala: moto, lenye toni za chini, ni mtu, motó, lenye toni ya juu mwishoni, ni kichwa. Toni ikipotea, mtu amegeuka kichwa. Nasi toni tunaipima kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja, yaani hezi. Sauti ya mwanamke anayeongea kwa kawaida hukaa kati ya hezi 165 na 255 hivi, ya mwanamume kati ya 85 na 155.

Feni nayo ina toni yake, na hesabu yake ni nyepesi: mizunguko ya sekunde moja mara idadi ya mapanga. Feni ndogo ya mashine yangu, ya milimita 80, ina mapanga 7 na huzunguka karibu mara 1,800 kwa dakika. Hiyo ni mara 30 kwa sekunde. 30 mara 7 ni hezi 210. Nilipofungua rekodi katika Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, niliukuta mstari ulionyooka mahali hapohapo, katikati ya sauti ya kambo.

Nikatafuta feni ya milimita 120, yenye mapanga 7 pia, inayozunguka mara 900. Kwa feni zenye umbo moja, hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha upana. Upana ukiwa mara moja na nusu, hewa ni zaidi ya mara tatu kwa mwendo uleule. Kwa hiyo feni kubwa inaweza kwenda polepole na bado ikapoza vizuri, na mwendo ukipungua kwa nusu, kelele ya feni hiyohiyo hushuka karibu desibeli 15. Mashine haikujizima tena, na sauti ya kambo ikabaki safi. Ila mstari haukufa, ulihama tu: mizunguko 15 mara 7 ni hezi 105. Alipokaa mjomba mbele ya maikrofoni, mstari ulimpata yeye.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba namba za kwenye kasha hazinisemeshi mimi. Kelele huandikwa kwa desibeli za kipimo A, kinachofuata sikio la binadamu na hivyo kupunguza sauti nzito: karibu desibeli 11 kwenye hezi 200, karibu 19 kwenye hezi 100. Palepale toni zetu zinapokaa, kipimo kinafumba jicho. Maikrofoni haifumbi. Kiswahili chetu kina mvumo, mlio, mkwaruzo na mtetemo. Kasha lina neno moja, kelele.

Namba ya hewa nayo inataka kusomwa kwa makini, kwani hupimwa bila kizuizi chochote mbele ya feni. Noctua, kampuni ya Austria, inatangaza mita za ujazo 107.5 kwa saa na desibeli 17.8 kwa feni yake NF-S12A, na mita 92.3 na desibeli 19.8 kwa NF-P12. Ukiishia hapo utachagua ya kwanza. Lakini shinikizo la ya pili ni milimita 1.68 za maji, la ya kwanza 1.19. Nyuma ya wavu ulioziba kwa vumbi, ile yenye shinikizo ndiyo inayoweza kupenya.

Basi, mwenzangu, kabla ya kununua hesabu mapanga, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 60, kisha ulinganishe na sauti ya mtu utakayemrekodi. Chagua feni pana inayokwenda polepole, safisha wavu, weka mpira laini chini ya skrubu ili mtetemo usipite mezani, na usogeze maikrofoni mbali na mashine, karibu na mdomo wa msemaji. Feni inauzwa sokoni kila siku. Mzee anayejua methali za Kisanga hauzwi popote.