Eropleni Ndogo ya Mbao

Nilipokuwa nikijifunza useremala, niliamini ya kuwa kitu kinene ndicho chenye nguvu. Nikatengeneza benchi la mbao nene mno. Lakini viungo vyake vilikuwa vibaya, likavunjika siku ya kwanza mbele ya wenzangu. Nikaona haya sana.

Fundi wangu hakunicheka. Alinipa habari za eropleni iitwayo Avro Baby, iliyoundwa Uingereza mwaka 1919. Ilikuwa na kiti kimoja tu, na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Mifupa yake ilikuwa mbao nyembamba, ikavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Kati ya mabawa palikuwa na nguzo ndogo, na nyaya zilizovutwa kimshazari, hata kila kipande kikasaidia chenzake. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 35 tu.

Ile ya kwanza ilianguka. Mafundi hawakukata tamaa, wakaunda ya pili. Tarehe 31 Mei 1920, Bert Hinkler, mtu wa Australia, aliruka nayo kutoka Croydon, karibu na London, mpaka Turin katika Italia, pasipo kutua njiani. Ni mwendo wa maili 650, naye aliuchukua kwa saa tisa na nusu. Mwaka 1921 akaruka kutoka Sydney mpaka Bundaberg, mji aliozaliwa.

Basi nikatengeneza benchi la pili, jembamba, na kila kiungo nikakipima mara tatu. Halikuvunjika.

Wanafunzi, msitazame unene wa mti. Tazameni jinsi ulivyoungwa.