Ajenda za mfukoni, njia ya Manguredjipa

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ajenda elektroniki ziliingia Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa nguvu. Wafanyabiashara wetu walikuwa wakienda Dubai na Hong Kong, baadaye Guangzhou na Jakarta, kufuata vitenge, vipuri na pikipiki, na wengi walirudi na kitu chembamba mfukoni mwa shati: kifuniko cha kufungua kama kitabu, vitufe vidogo, kioo cha kijivu. Casio zilikuwa nyingi, kisha Sharp. Mjomba wangu alichelewa kununua. Alikuwa akipeleka Manguredjipa mchele, chumvi, mawe (betri) ya redio na majembe, akirudi na dhahabu. Mimi nilikuwa karani wake, na kaye zote, yaani madaftari ya hesabu, zilipita mikononi mwangu.

Manguredjipa iko magharibi ya Butembo, kwenye msitu wa Bapere, teritware ya Lubero. Ni karibu kilomita 100, lakini kilomita hazisemi kitu kuhusu barabara ile ya udongo inayopita Njiapanda. Mvua ikinyesha, lori linalala njiani na abiria wanapika kando yake. Bidhaa zilikwenda kwa mkopo, dhahabu ikarudi kidogo kidogo, kwa hiyo duka lenyewe hasa lilikuwa kaye ya madeni. Kaye moja ilikaa huko, nakala ikakaa Butembo, na kila lori lilipofika tulilinganisha mstari kwa mstari. Unyevu wa msitu ulikuwa unakula karatasi. Wino wa biki ulipopata maji, deni la dola 60 liligeuka doa la buluu, na mdaiwa akaanza kukumbuka dola 40.

Halafu kulikuwa na barieri, vizuizi vya askari njiani. Tangu vita vya 1998, jeshi la Uganda na makundi ya waasi ya RCD yalipokuwa yakitawala upande wetu, msafiri alipekuliwa mara nyingi. Askari akifungua kaye anasoma nani ana mali, nani anadaiwa, na dhahabu iko wapi. Wanaosema kwamba ajenda zilinunuliwa kwa majivuno wanasahau jambo hilo. Ajenda ilikuwa na sehemu ya siri yenye neno la kufungulia. Askari alibonyeza, akaona saa na kalenda, akairudisha. Au akaibeba, na hapo ulipoteza mashini, lakini majina hayakusomwa.

Mjomba alipokata shauri, mwenzake aliyetoka Dubai alimwekea ajenda kadhaa juu ya meza, zilizotoka katika maduka ya Al Fahidi. Muuzaji alisifu kikokotoo. Kikokotoo tulikuwa nacho siku nyingi. Alisifu saa ya dunia, na hiyo mjomba aliipenda kidogo, kwa kuwa Dubai iko mbele yetu kwa saa mbili na yeye alitaka kujua kama maduka yamekwisha kufungwa. Kisha akauliza swali ambalo nadhani wahandisi wa Tokyo hawakuwahi kulisikia: herufi K inabeba watu wangapi?

Anayetujua sisi Wanande atacheka. Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Kijana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Kwa wasichana utakuta Kavira, Kahindo, Kavugho. Ajenda hupanga majina kwa abjadi, kwa hiyo zetu zilikuwa na A tupu, B tupu, na K isiyokwisha. Ungebonyeza kishale mpaka kidole kiume, huku mdaiwa amesimama mbele yako akitabasamu. Tulipata dawa: tukaandika mahali kwanza, mtu baadaye. «Kambau Kasereka.» «Njiapanda Kambale chumvi.» Mashini yenye nafasi fupi ya jina ilikata maneno hayo katikati, ikaondolewa mezani mara moja.

Lakini jambo la ajabu zaidi lilikuwa nafasi ya namba ya simu. Kila ajenda ilikuwa nayo, kwa sababu ndiyo kazi yake: jina, simu, anwani. Manguredjipa hakukuwa na simu. Kulikuwa na foni, ile redio ya mawasiliano, iliyowashwa kwa saa zake asubuhi na jioni, mkazungumza huku mji mzima ukisikiliza. Basi ile nafasi ya simu tukaijaza madeni. Mbele ya «Njiapanda Kambale chumvi» palisimama 85, na hiyo 85 ilikuwa dola. Mtu mgeni angedhani Bapere nzima ina simu za namba mbili mbili.

Betri ndiyo iliyoamua. Mawe makubwa ya redio yalipatikana kila kibanda, mpaka machimboni. Betri bapa kama sarafu hazikuwepo. Zilitoka Butembo, na Butembo zilitoka Kampala. Ajenda nzuri ilikuwa na betri kuu na nyingine ndogo ya kulinda kumbukumbu wakati unabadilisha ile kuu. Jirani yetu wa soko alinunua moja ya bei rahisi, jina lake la kubuni limeandikwa ili lifanane na la kampuni kubwa. Ilikuwa na betri moja tu. Ilipozima alitia mpya, kioo kikawaka vizuri, na ndani hapakuwa na mtu. Alikwenda mlango kwa mlango akiwauliza wateja wanadaiwa kiasi gani. Wengine walisema kweli.

Mjomba alichukua Casio yenye betri mbili na menyu ya Kifaransa.

Palm, ajenda ya kuandikia kwa kalamu, ilitufikia baadaye, wakati wa homa ya koltani. Mwaka 2000 bei ya tantalumu, inayotolewa katika koltani, ilipanda ghafla duniani, vijana wakaacha dhahabu wakakimbilia mchanga mweusi, na 2001 bei ikaanguka. Tantalumu hutumika katika kapasita ndogo za vifaa vya mfukoni, kwa hiyo huenda chembe za kwetu zilikuwa zikirudi nyumbani bila kutambulika. Mimi niliipenda Palm, na mpaka leo naiona ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Uliandika kwa kalamu juu ya kioo, kwa herufi zake zenyewe: A bila mstari wa katikati, kila herufi kwa mchoro mmoja. Lakini ililindwa kwa kuunganishwa na kompyuta, na kompyuta zilikuwa Butembo, kwenye sekretaria za kupiga hati, jenereta ikiwaka. Mjomba aliigeuza-geuza. «Iko na akili mingi, lakini inaomba mwenzake. Mwenzake tutamulisha nini kule Manguredjipa?»

Kampuni ya simu ya Celtel ilianza Kongo mwishoni mwa 2000, Vodacom ikafuata 2002. Simu za kwanza hazikuwa ajenda nzuri. Kadi ya SIM ilibeba majina machache kuliko Casio, na kwa jina refu haikuwa na huruma. Kwa miaka kadhaa watu walibeba vyote viwili, simu ya kuita na ajenda ya kukumbuka. Mtandao uliposogea kuelekea msituni, Kambale wa chumvi akapata namba ya kweli, na nafasi ya simu ikarudi kwenye kazi yake. Deni la 85 likakosa pa kukaa.

Likarudi kwenye kaye. Ajenda nayo ikabaki sandukuni. Sikumbuki kama kuna mtu aliyeamua hivyo. Naona kulikuwa na sababu nyingine ambayo hatukuisema wakati ule: ajenda ilikuwa na mkono mmoja tu, wa mwenye nayo. Kesi ikifika mbele ya chifu, mdaiwa alisema «hayo umeyaandika wewe», na hakuna aliyeweza kumjibu. Kwenye kaye anatia sahihi, au dole gumba lenye wino. M-Pesa, huduma ya kulipa kwa simu, ilipoanza nchini mwaka 2012, ilisaidia kulipa, na ujumbe ukabaki kama ushahidi. Lakini kukopa bado kulihitaji karatasi.

Siku hizi njia ile inabeba kakao sana, pamoja na dhahabu. Mwaka 2024 mashambulizi ya waasi wa ADF yalipoenea Bapere, watu wengi walikimbilia Butembo. Mpwa wangu, anayenunua kakao, alikuja na simu na kaye mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Kila mdaiwa akitia sahihi, yeye hupiga picha ukurasa na kuutuma kwa WhatsApp kwa dada yake aliye Butembo. Ndiyo nakala yetu ya zamani, bila kungoja lori.

Majuzi alitaka simu mpya, akanipeleka dukani achague kati ya Tecno na Itel. Muuzaji alitaka kumpiga picha ya uso ili aone uzuri wa kamera. Mpwa akakataa, akatoa kaye, akafungua ukurasa wenye unyevu, akapiga picha kwa kila moja, kisha akanipa nizisome bila miwani. Nilisoma Itel mpaka senti, na ndiyo aliyoilipia.