Masika Katika Miteremko ya Meru na Embu

Barabara tuliyosafiria kutoka Embu hadi Meru huzunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, ikivuka mito ya Thuchi na Nithi. Masika, ambayo sisi wa pwani twaijua kwa mitaa kujaa maji, huko huja na hatari nyingine: udongo ulioshiba maji huporomoka pamoja na nyumba. Mara nyingi mteremko hutanguliza dalili: nyufa mpya shambani, miti iliyoinama, chemchemi iliyozuka ghafla, mlango uliogoma kufungika. Tuonapo hayo, tusingoje kupambazuke. Tuwahamishe watoto na wazee usiku huo huo. Mama apelekaye wanawe likizo ya Aprili na aulize kwanza nyumba ya mwenyeji imekaa wapi mlimani, ndipo aulize nauli.