Mkono Wangu na Nyuki wa Sikonge

Nilipopelekwa kusomesha Sikonge, kusini mwa Tabora, nilikuwa kijana wa Pangani nisiyejua habari za nyuki ila kwa asali iliyokwisha tiwa chupani. Na usiku wa kwanza niliofuatana na mwenyeji wangu kwenda kurina, mvua zikiwa zimekatika na mizinga ya magome imejaa, niliumwa mara tatu juu ya kiganja cha kulia, na kulipopambazuka mkono ulikuwa umefura mpaka kiwiko, vidole vimetuna hata nisiweze kushika chaki. Mwenyeji wangu, ambaye baba yake na babu yake walikuwa warina asali, alikuwa ameumwa usiku ule ule, kwa mzinga ule ule, mara nyingi kuliko mimi, naye nilimkuta barazani anasuka kamba ya gome, ngozi yake shwari kana kwamba hakutuliwa na mdudu hata mmoja.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia. "Watumia dawa gani?"

"Marahaba, Mwalimu. Dawa ni nyuki wenyewe. Wewe hawajakuzoea."

Neno lile nililichukua kwa dhahiri yake, nikaamini kwa miaka mingi kwamba nyuki humtambua mgeni na kumtilia sumu kali zaidi, na kwamba kila kundi lina sumu yake kwa nasaba yake. Wala sikukosa ushahidi. Palikuwa na mzinga mmoja kando ya mbuga ambao kila ulipofunguliwa niliumwa nikavimba kuliko kwa mwingine wowote; palikuwa na nyuki wadogo, wale wanaoishi katika matundu ya miti na ambao asali yao hutafutwa kwa dawa, wasio na mwiba wa kumdhuru mtu, ila hujipenyeza masikioni na katika nywele wakitafuna; na palikuwa na nyigu, ambao mwenyeji wangu mwenyewe, pamoja na usugu wake wote, aliwaogopa, kwani mmoja wao alipomwuma shavuni alivimba kama mimi. Hili la nyigu lilinistaajabisha kupita yote, na sikujua wakati ule kwamba sumu ya nyigu imechanganywa kwa namna nyingine, hata mwili uliozoea sumu ya nyuki hukutana nayo kama ugeni.

Katika mwaka wa pili mkono wangu ulianza kubadilika pole pole. Uchungu haukupungua hata chembe, na mpaka leo haujapungua. Bali uvimbe uliokuwa ukikaa siku tatu ukakaa siku moja, kisha ukawa kipele cha saa chache, na mwisho nikawa naumwa mara kumi kwa usiku mmoja na asubuhi nikaandika ubaoni bila taabu. Nilifurahi mno, nikisema moyoni kwamba nyuki wa Sikonge wamekwisha nikubali.

Baadaye nilihamishiwa chini ya Mlima Meru, nikakaa miaka minne bila kugusa mzinga. Misitu ya juu ya mlima ule ina nyuki weusi, wapole kuliko wetu wa nyikani, na siku moja nilipokaribishwa kuwatazama nilikwenda mikono mitupu, bila hofu. Niliumwa mara moja tu. Usiku ule mkono ulifura mpaka kiwiko, sawasawa na ule wa siku ya kwanza, nami nilikaa kitandani nikiutazama kwa taa, nisipate njia ya kuiokoa dhana yangu: nyuki mpole kuliko wote niliowajua alikuwa amenivimbisha kuliko wakali wote wa miaka yangu ya mwisho Sikonge.

Daktari mmoja ndiye aliyenifumbua macho, na mengine niliyapata kwa kusoma. Mwili unaoumwa mara kwa mara hujijengea kingamwili zinazoizuia sumu kabla haijaleta uvimbe, na ukiachwa muda mrefu ngao hiyo hupungua. Basi mkono wangu ndio uliosahau, na nyuki wa Meru hawakuwa na hatia. Hata hivyo miiba yenyewe si sawa. Nyuki aliyetoka leo katika kijumba cha sega hana sumu ya kutajwa, na mfuko wake hujaa akifikia wiki mbili au tatu, karibu na umri wa kushika zamu mlangoni. Na mzinga ule wa kando ya mbuga ulikuwa mkubwa, wenye walinzi maridhawa. Fauka ya hayo, mwiba ukiisha ng'oka hubaki ngozini pamoja na kifuko chake, ukisukuma sumu peke yake, na sehemu kubwa huwa imekwisha ingia kabla ya sekunde 20. Mwenyeji wangu aliukwangua kwa ukucha papo hapo, kisha akapafukizia moshi pahali palipoumwa, maana mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wengine. Mimi, mikono imejaa masega, niliiacha miiba mpaka nifike chini ya mti.

Wako waliokosea kama mimi, tena ng'ambo ya bahari. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi yakatoroka, na vizazi vyao vikafika Texas mwaka 1990, vikiitwa nyuki wauaji, hali mwiba mmoja wa nyuki wetu hauna sumu kuliko wa nyuki wa Ulaya, na hatari iko katika wingi wa wanaotoka kwa mara moja.

Nilirudi Sikonge kwa kuomba mwenyewe, nikatundika mizinga yangu, na mkono ukazoea tena. Mke wangu hakuja porini hata siku moja. Yeye alifua nguo zangu, na mara chache, pengine tatu au nne kwa mwaka, aliumwa na nyuki aliyenaswa katika mikunjo. Jioni moja aliumwa shingoni, mara moja, na kabla sijamaliza kuutoa mwiba mabaka yalikuwa yamemwenea mwilini na pumzi inamkwama. Tulifika hospitali kwa baiskeli na lori, akapigwa sindano ya adrenalini, akaokoka kwa rehema za Mungu. Pale ndipo nilipoambiwa kwamba warina wanaoumwa mara 200 kwa mwaka aghalabu husalimika, na walio katika hatari zaidi ni wale wanaoumwa mara chache chache, nao ni pamoja na watu wa nyumbani mwao.

Tangu siku ile nguo zangu za kurinia hazijaingia nyumbani. Zinatundikwa juu ya mninga, mwendo wa robo saa kutoka mlangoni, nami huzikung'uta na kuzifua mwenyewe kisimani, kisha narudi nimevaa kanzu safi.