Kizazi cha Nne

Arobaini ya baba ilipopita, tulikaa sebuleni Mtendeni, Tabora, kuzungumza mirathi. Mali yenyewe ni kiwanja kimoja, na uani kuna chumba anachoishi mzee mmoja tangu sijazaliwa. Tumezoea kumwita Babu wa Uani. Siku hiyo shangazi akasema: huyo si ndugu, ni mjukuu wa mtumwa wa babu yangu, tukiuza, atafute pa kwenda.

Nilijua babu yake shangazi alikuwa mnyapara wa misafara ya pembe, Bagamoyo hadi Ujiji. Kwamba alimiliki watu, hakuna aliyenisimulia. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, kwa hiyo hata si mbali.

Nikamtajia shangazi Kutoka 34. Pale Mungu anajitangaza kuwa mwingi wa huruma, na papo hapo anasema uovu wa baba utafuatiliwa hadi kizazi cha tatu na cha nne. Nikahesabu kwa vidole: wa nne ni mimi.

Shangazi, mwanakwaya mkongwe, hakusita. Ezekieli 18: mwana habebi uovu wa baba yake. "Mimi sijauza mtu, mwanangu. Wewe je?"

Nilikosa jibu. Hukumu na huruma zilikuwa zimegongana mezani kwetu, na huruma ilikuwa inatumika kumfukuza mtu.

Usiku nikaisoma sura yake yote. Kumbe Ezekieli alisema na mateka wa Babeli, waliolalamika kwamba wanalipia makosa ya wazee wao. Aliwatua mzigo waonewa. Halafu, mwana anayeachiliwa mle si mwana yeyote tu. Ni yule aliyeyaona maovu ya baba yake, akakataa kuyarudia. Na mwenye haki humrudishia mdeni rehani yake.

Kwa hiyo hatia sikurithi. Nyumba nimerithi. Tukimtoa yule mzee, basi kosa linakuwa letu wenyewe.

Asubuhi nikaandika muhtasari wa kikao cha ukoo: chumba cha uani na kipande chake ni mali yake. Nikampelekea. Akauliza kama jina la babu yake limo. Halikuwamo. Akanitajia, nikaliongeza.

Ndugu zangu wawili wameshasaini. Shangazi bado. Jana kaniomba nimwachie karatasi, eti aisome na miwani.