MBAO PANA KATIKA BONDE JEUPE

Sisi wa Afrika ya Mashariki twaijua theluji kwa macho zaidi kuliko kwa miguu. Twaiona juu ya Kibo alfajiri, nyeupe kupita mawingu, kisha twaendelea na safari yetu ya basi kwenda Moshi au Arusha. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kuidhania kuwa kitu kimoja tu: cheupe, cha baridi, basi. Ndugu msomaji, endapo siku moja utajaliwa kufika katika mji wa Chamonix, ulioko mashariki mwa Ufaransa chini ya mlima Mont Blanc, utafundishwa upesi kwamba theluji ina aina nyingi kama udongo ulivyo na aina nyingi, na kwamba mtu aliyejifunga mbao miguuni aweza kukutana nazo karibu zote kabla ya chakula cha mchana.

Mji wenyewe ni mdogo, umebanwa bondeni kwenye kimo cha mita 1,035, jirani na mipaka ya Uswisi na Italia. Mont Blanc, wenye kimo kinachopita mita 4,800, umeusimamia mji huo upande wa kusini. Hapa ndipo ilipofanyika Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi, mwaka 1924. Lakini mgeni wa leo haji kwa ajili ya kumbukumbu hiyo. Huja kwa ajili ya kamba za chuma zinazotoka mjini na kupanda hadi kilele cha Aiguille du Midi. Gari hilo la kamba lilifunguliwa mwaka 1955. Hupanda kwa vipande viwili, na katika kipande cha pili hakuna hata nguzo moja inayoitegemeza kamba hewani. Kwa muda wa dakika 20 hivi abiria hutolewa katika mitaa yenye harufu ya mikate na kufikishwa kwenye jabali lenye kimo cha mita 3,842, ambako pumzi huwa fupi na mazungumzo hupungua.

Kutoka huko juu huanza mteremko uitwao Vallée Blanche, yaani Bonde Jeupe. Urefu wake ni kama kilomita 20, na mtu akishuka mpaka mjini huwa ameteremka karibu mita 2,800. Hakuna mashine inayoisawazisha theluji yake, wala hakuna mlinzi anayepita jioni kuhesabu watu. Sehemu kubwa ya njia hupita juu ya mito ya barafu yenye nyufa ambazo theluji nyembamba huzifunika kama mkeka uliotandikwa juu ya kisima. Watu wenye busara hushuka na kiongozi wa milimani.

Sasa yafaa nieleze habari za mbao zenyewe, ambazo wenyewe huziita skii. Hadi miaka ya 1980 skii za kawaida za milimani zilikuwa ndefu kupita mita mbili, na upana wake chini ya buti haukupita milimita 70 hivi. Kwenye njia iliyoshindiliwa zilikwenda vizuri. Katika theluji mpya, nyepesi kama unga, zilizama, na aliyezivaa alihitaji miaka mingi ya mazoezi ili asifanane na mtu aliyekwama matopeni. Mwishoni mwa miaka hiyo fundi mmoja wa Austria aitwaye Rupert Huber, wa kiwanda cha Atomic, alichukua ubao mpana wa kutelezea, ule unaosimamiwa kwa miguu yote miwili pamoja, akaupasua katikati kwa urefu. Ndivyo zilivyozaliwa skii pana. Mabingwa walizicheka wakasema ni za wazee na wageni wasiojiweza.

Kicheko hicho kilikoma. Mmoja wa waliokikomesha alikuwa Shane McConkey, mzaliwa wa Kanada, ambaye alijiuliza kwa nini mbao za kutelezea majini zifanywe pana na za thelujini zifanywe nyembamba, hali theluji laini hufanana na maji zaidi kuliko inavyofanana na sakafu. Mwaka 2002 ilitolewa skii aliyoibuni, iitwayo Spatula, pana tumboni kupita ncha zake, na iliyoinuliwa mbele na nyuma kama omo na tezi ya jahazi. McConkey alifariki Italia mwaka 2009, aliporuka jabalini na skii miguuni na mwavuli mgongoni. Wazo lake la kuinua ncha limebaki, na leo ni vigumu kupata skii ya theluji laini isiyokuwa na alama yake.

Hesabu ya jambo hili si ngumu, na hata mtoto wa shule aweza kuifanya mezani. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya jozi yenye urefu wa sentimita 180 na upana wa wastani wa sentimita 7, kila sentimita ya mraba hubeba gramu 30 hivi. Upana ukiongezwa kufikia sentimita 11 na nusu, mzigo huo hushuka hadi gramu 18. Dereva wa lori anayepunguza upepo wa matairi ili avuke mchanga aijua hesabu hiyo pasipo kalamu.

Basi tuteremke. Kwanza utatoka katika shimo lililochimbwa barafuni, nawe utapita kwenye ukingo mwembamba wenye kamba za kushikilia, skii zikiwa mgongoni au mkononi. Hapo aina ya skii haina maana yoyote. Ukishazivaa, na ikiwa usiku uliopita umeleta theluji mpya pasipo upepo, utaelewa kwa nini watu huuza vitu vyao ili warudi hapa. Mita moja ya ujazo ya theluji ya namna hiyo huwa na uzito wa kilo 100 au chini yake, ilhali maji ya ujazo huo huo yana kilo 1,000. Skii pana huelea juu yake. Ncha haizami, mguu hauhangaiki, na zamu hufuata zamu kama mpiga kasia aliyekwisha kupata mwendo. Mwenye skii nyembamba huzama hadi magotini. Aweza kushuka, lakini kwa kazi ya mapaja na kwa ufundi.

Mambo hubadilika ukifika mahali palipopigwa na upepo. Upepo huivunja theluji, ukaikanda na kuishindilia mpaka ikalia chini ya mguu kama ubao. Hapa skii pana hupoteza fahari. Ili ubao ushike mahali pagumu, yapasa makali yake ya chuma yalale yakaume. Katika skii nyembamba makali hayo yako karibu chini ya wayo. Katika skii pana yako mbali na katikati ya buti, nayo hugeuka kuwa kama mpini mrefu unaolikamia goti. Zaidi ya hayo ncha zilizoinuliwa haziigusi theluji, hivyo sehemu inayoshika huwa fupi kuliko urefu uliolipia dukani. Utasikia mtetemo, kisha utaanza kuteleza ubavu wakati ulipotaka kwenda mbele.

Baya kuliko yote ni gamba. Jua huyeyusha uso wa theluji mchana, usiku huganda, na asubuhi panakuwa na tabaka gumu juu ya unga. Gamba likiweza kukubeba, heri. Lisipoweza, skii nyembamba hulitoboa, ncha ikanaswa chini yake, na goti likapata dhara. Ubao mpana husaidia kwa njia mbili: hugawa uzito ili gamba lisivunjike, na likivunjika, ncha iliyoinuliwa hupanda tena juu badala ya kujichimbia. Wapo wanaosema upana ni wa unga tu; mimi nasema faida yake kubwa kwa mtu wa kawaida ni hapa kwenye gamba, mahali pasipo na raha wala picha nzuri.

Chini zaidi, penye mabonge makubwa ya barafu yaitwayo Séracs du Géant, njia husongamana. Wote waliotangulia wamepita mle mle, nayo theluji imekuwa vilima na mifereji migumu. Upana si kitu tena. Wepesi wa kugeuza ndio kitu. Na ukipita theluji iliyovurugwa na wengi, utagundua kwamba uzito na ugumu wa ubao una neno kubwa pia: skii pana iliyo nyepesi mno hurukaruka juu ya mabonge kama mtumbwi mtupu, na iliyo nzito hupasua katikati. Wauzaji hupenda kutaja milimita peke yake, maana milimita huhesabika.

Katika majira ya kuchipua, theluji ya sehemu za chini huwa punje kubwa kama chumvi ya mawe, na ifikapo mchana huwa uji mzito. Asubuhi na mapema, ikiwa ngumu, mwenye skii nyembamba hucheka. Saa sita mchana zamu ya kucheka humwendea mwenye skii pana. Kama ningeombwa kumchagulia ndugu yangu jozi moja ya kushukia Bonde Jeupe pasipo kujua siku wala saa, ningempa yenye upana wa milimita 95 hadi 105. Haitakuwa bora kuliko zote mahali popote, ila itamfikisha. Zile za milimita 120 ni za siku chache, na bei ya jozi si ya kuchezea. Afadhali kuzikodi mjini asubuhi ya siku hiyo.

Lakini liko jambo ambalo hakuna upana unaolitibu. Zamani ugumu wa skii nyembamba ulikuwa bawabu mlangoni. Aliyeweza kuteleza katika theluji ya kina alikuwa amekwisha kukaa milimani miaka mingi, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kusoma upepo, jua na sauti ya theluji chini ya mguu. Skii pana zimemwondoa bawabu huyo. Leo mtu aweza kufika mahali pa hatari katika msimu wake wa pili, akiteremka vizuri, na pasipo kujua lolote. Miteremko mizuri kuliko yote kwa skii hizo, yenye nyuzi 30 hadi 45, ndiyo hiyo hiyo inayoachia maporomoko ya theluji. Na katika ajali nyingi zenye kuua, anayelifungua poromoko ni yule anayefunikwa au mwenziwe. Aliyefukuliwa ndani ya dakika 10 aghalabu huwa hai. Ikipita nusu saa tumaini huwa dogo. Ndiyo maana kila mmoja huchukua koleo, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na kifaa kidogo cha redio kifuani, na ndiyo maana haifai kushuka peke yako. Helikopta ni ya haraka, ila mwenzako aliye karibu ni wa haraka zaidi.

Watu wa Chamonix wamelijua hilo kabla skii hazijafika kwao. Mwaka 1820 msafara wa mtaalamu kutoka Urusi, Dk. Hamel, ulikuwa ukipanda Mont Blanc baada ya theluji mpya kuanguka. Poromoko likawasomba viongozi wa safari na kuwatia katika ufa, na watatu wakapotea humo. Mwaka uliofuata, 1821, viongozi wa Chamonix waliunda chama chao, chenye zamu ya kazi na mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na maafa na jamaa zao. Chama hicho kipo hadi leo. Mwaka 1861, yaani baada ya miaka 41, mto wa barafu wa Bossons ulianza kuitoa chini bondeni mabaki ya watu wale watatu. Na msomaji asidhani kwamba hatari ni ya huko juu tu: tarehe 9 Februari 1999 poromoko liliingia katika kitongoji cha Montroc, juu kidogo ya mji, likabomoa nyumba na kuua watu 12.

Kikosi cha askari wa uokoaji cha mji huo kiliundwa mwaka 1958, baada ya vijana wawili, Jean Vincendon na François Henry, kufia mlimani katika majira ya baridi ya 1956 na 1957 huku mji ukiwatazama kwa darubini. Uokoaji unaofanywa na askari hao haumtoi mtu senti; hulipiwa na umma. Twaweza kubishana na Wafaransa katika mengi, ila katika hilo wamefanya vema.

Mteremko humalizikia kwenye Mer de Glace, mto wa barafu mrefu kuliko yote Ufaransa. Hapo utaona jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Barafu imeshuka mno. Kituo cha treni ya Montenvers, iliyokamilika mwaka 1909, kilijengwa karibu na barafu; miaka ya karibuni wateremkaji walipanda ngazi zaidi ya 500 ili kukifikia, hadi lilipofunguliwa gari jipya la kamba mwaka 1924 ulipokwisha kutimiza karne, yaani mwaka 2024. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii na kuteremka nazo. Barafu moja ya kileleni ina jina la Furtwängler hata sasa, ingawa zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako Kilimanjaro mwaka huo imekwisha kutoweka.

Treni ya Montenvers hushuka polepole kwa meno ya chuma kupitia msitu wa misonobari. Ikiwa hakuna theluji ya kutosha katika njia ya msituni, hiyo ndiyo itakayokurudisha mjini, na skii zako utazisimamisha pembeni pamoja na za wenzako, pana kwa nyembamba, zikidondosha maji sakafuni.