Baba Mlenga Shabaha

Jioni moja mjukuu wangu alinijia barazani na habari kwamba jina lake limetoka katika orodha ya vijana wa kidato cha sita wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Alikuwa na furaha, lakini jambo moja lilimtia wasiwasi.

“Shikamoo, babu. Nasikia huko tutafundishwa kulenga shabaha. Je, sisi wenye miwani tutaweza?”

Nilimjibu, “Marahaba, mjukuu wangu. Yupo aliyeweza kwa jicho moja.”

Ndipo nikamsimulia habari za Lord Roberts, ambazo nilizisoma zamani katika kitabu kikuukuu nilichonunua kando ya barabara, wakati nikifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Frederick Roberts alizaliwa Kanpur, India, mwaka 1832, baba yake akiwa ofisa wa jeshi. Alikuwa mfupi wa kimo, na ugonjwa wa utotoni ulimpofusha jicho la kulia. Hata hivyo aliingia jeshini mwaka 1851, na mwaka 1858 ushujaa wake ulimpatia Nishani ya Victoria, ambayo kwa Waingereza hakuna iliyo juu yake. Mwaka 1880 aliongoza askari wapatao 10,000 kutoka Kabul hadi Kandahar, mwendo wa zaidi ya kilomita 480, kwa siku ishirini na tatu. Alipokuwa mkuu wa majeshi ya India, tangu 1885 hadi 1893, aliyatilia mkazo mazoezi ya bunduki. Alitaka kila risasi ifike ilikotumwa. Mwaka 1892 alipewa daraja la ubwana, akaitwa Lord.

Mjukuu wangu alifurahi sana, akadhani hadithi imekwisha. Mimi nilinyamaza kidogo, maana sehemu iliyobaki hunigusa mwenyewe.

Bwana huyo alijaliwa watoto sita, lakini watatu walikufa wangali wachanga. Kati ya waliobaki, mwanamume alikuwa mmoja tu, Freddy, naye akamfuata baba yake jeshini. Mwaka 1899 Waingereza waliingia vitani na Makaburu wa Afrika Kusini. Makaburu walikuwa wakulima, lakini walizoea bunduki tangu utotoni, na katika juma moja la Desemba waliwashinda Waingereza mara tatu. Tarehe 15 ya mwezi huo, huko Colenso, Luteni Freddy alijitosa pamoja na wenzake katika mvua ya risasi ili kuiokoa mizinga iliyoachwa uwanjani. Alijeruhiwa vibaya, akafa baada ya siku mbili. Naye akatunukiwa nishani ile ile ya baba yake.

Mzee Roberts, mwenye umri wa miaka 67, alipokea habari za msiba huo siku zile zile alizokabidhiwa uongozi wa vita. Kabla ya juma kwisha alipanda meli kwenda Afrika Kusini.

Ndugu msomaji, nami nilikuwa na mdogo wangu. Baba yetu alikuwa askari wa Keya aliyepigana Burma, na mara chache sana alizungumzia vita. Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kulenga, kwa manati na makopo matupu tuliyoyapanga juu ya ukuta. Alipotaka kujiunga na jeshi aliniomba shauri, nikamwambia, “Nenda, jicho lako ni zuri.” Alikwenda katika vita vya Kagera, na mwaka 1979 hakurudi. Vita vile vilikuwa vya haki, maana nchi yetu ilivamiwa. Lakini haki ya vita haikumzuia mama kumwekea chakula kila jioni kwa miezi mingi. Naye baba hakunilaumu hata mara moja. Nilitamani anilaumu.

Kwa hiyo niliposoma habari za Roberts nilitaka kujua huzuni ilimfundisha nini. Jibu halikunipendeza. Mwaka 1900 aliuteka mji wa Pretoria, lakini Makaburu walipoendelea kupigana, aliamuru mashamba yao yachomwe. Kambi za kuwakusanya wasio na makao zilianza wakati wake, zikaongezeka chini ya Kitchener aliyemfuata. Humo walikufa wanawake na watoto wa Kiburu zaidi ya 26,000, na katika kambi za Waafrika watu wasiopungua 14,000. Baba aliyefiwa aliwatia wazazi wengine katika msiba kama wake. Aliporudi Uingereza alivipigia debe vilabu ambamo wafanyakazi wa kawaida wangejifunza kulenga shabaha baada ya kazi. Alikufa Ufaransa mwaka 1914, akiwa na miaka 82, alipokwenda kuwatazama askari wa India vitani. Kwa kuwa hakuwa na mwana, cheo chake kilirithiwa na binti yake.

Mjukuu wangu aliuliza, “Sasa babu, huyu alikuwa mtu mwema au mbaya?”

Nilimwambia kwamba alikuwa shujaa, na alimpenda mwanawe. Lakini jicho lake lililobaki lilizoea kuitazama shabaha tu, lisiwaone waliosimama nyuma yake.

“Basi jifunze kulenga barabara,” nikamwambia, “kwani nchi isiyojua kujilinda huchezewa. Ila kabla hujafyatua, jiulize nyuma ya shabaha yuko nani.”

Nami niliapa kutompa kijana mwingine shauri la vita bila kumwambia habari za ile sahani ya mama. Usiku ule nilimwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani yake, akaifuta polepole kwa ncha ya shati.

“Nimesikia, babu,” akasema. “Nitaandika mara kwa mara.”